Programu Isiyomjua Hatungimana

Jumatatu asubuhi Wema alikifuta kishikwambi kipya kwa pindo la khanga, akakiegemeza kwenye chupa ya chai, akasubiri kiwake. Ofisi yao iko Mwanga, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi cherehani na duka la vyombo vya plastiki, na mlangoni pameandikwa Dawati la Usikivu wa Mwambao. Kazi ya dawati ni kuwasikiliza watu wa ufukwe wa ziwa wenye malalamiko na kuyaandika. Kuyatatua ni kazi ya wengine, na hao wengine hakuna anayejua wanakaa wapi.

Gasper, mkuu wa dawati, mtu mpole mwenye mashati ya kitenge yaliyonyooshwa vizuri, alikuwa ameagizwa achague programu moja ya kuandikia maelezo. Ikishachaguliwa ingewekwa kwenye vishikwambi vyote vya mwambao. Madaftari ya karatasi yalikuwa yamepigwa marufuku kwa sababu hayapendezi kwenye picha. Alikuwa amepakua programu tatu.

"Zijaribu zote wiki hii," alimwambia Wema. "Tunataka iliyo safi, isiyotusumbua."

Wiki hiyo kulikuwa na lalamiko moja tu, lakini lilikuwa zito. Kule Katonga, pale wanawake wanapoanikia dagaa, alikuwa amepatikana mwekezaji. Alitaka ufukwe kwa ajili ya hoteli na gati la boti za watalii, na vichanja vya dagaa vilikuwa vinamharibia mandhari. Harufu nayo ilimkera, ingawa hakuna aliyemwita aje kuinusa. Kamati ingekaa Ijumaa kuamua, na ingeamua kwa kusoma kile ambacho Wema angeandika.

Msemaji wa wanawake alikuwa Hatungimana. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Alikulia hapo, akaolewa hapo, akafiwa na mume hapo, na kichanja chake cha dagaa ndicho kilichowasomesha wanawe. Alikuwa mgomvi. Tusipambe maneno, Katonga nzima ilimwogopa, na wachuuzi wenye mizani iliyochezewa walimwogopa zaidi. Watu walimsema sana kwa ugomvi huo, wakasahau kuwa ndio uliokuwa umeulinda ufukwe miaka yote.

"Shikamoo mama," alisema Wema.

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo kwenye ndoo. Andika, na uandike yote, usinikate katikati."

Programu ya kwanza iliitwa Nadhifu. Ilikuwa na kamusi yake ndani na ilijivunia Kiswahili sanifu. Wema aliandika jina, Hatungimana, na Nadhifu haikulitambua. Ikalipigia mstari mwekundu, ikafikiri kidogo, ikalifuta na kuandika Hatugombani.

Hatungimana alikuwa amefika katikati ya sentensi. "Yewe, huyo mwekezaji akikanyaga kichanja changu, nita..." Akaiweka khanga yake vizuri mapajani. "Nitamkaribisha," alisema. "Ufukwe wenyewe mpana."

Wanawake walimtazama, kisha wakakitazama kishikwambi.

"Kishamuandika," alisema Mapendo, jirani yake, ambaye kwao ni ng'ambo ya ziwa, Kongo. "Haya, andika na mimi. Sisi tuko hapa tangu zamani. Aba watu, hawa wa hoteli, wanatoka wapi?"

Wema aliandika Mapendo. Nadhifu ikaandika Mapengo, na Mapendo akatema meno mawili ya mbele kiganjani, akayafunga kwenye pindo la kitenge. Alinung'unika kidogo, kwa sababu alikuwa amenunua hindi la kuchoma na hakuwa ameligusa bado. Msichana aitwaye Arakaza akawa Anakaza, na tangu saa ile kila kidumu alichokifunga ilibidi kipelekwe kwa fundi baiskeli kufunguliwa. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa pale wamekwisha kuandikwa na ofisi nyingi, na kila ofisi ilimwacha mtu na kitu kimepungua.

Wema alirudi Mwanga amefura. Alilifuta neno Hatugombani akaandika jina upya, likarudi lile lile. Aliliandika kwa herufi kubwa, akaliandika akitenganisha herufi moja moja, akalisoma kwa sauti kana kwamba chombo kina masikio. Hatugombani. Kisha akamwendea Gasper.

"Bosi, hii programu imembadilisha mama wa Katonga."

"Imembadilisha vipi?"

"Imemwandika Hatugombani, na sasa hagombani."

Gasper aliyasoma maelezo taratibu, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mbona yamenyooka? Hata ukurasa haujajaa." Alimrudishia kishikwambi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyofanya siku zote.

Alipotoka kwenda kula, Wema alijaribu kitu. Aliandika Gaspaa. Nadhifu ikasahihisha, Gasper. Aliandika Gasipa, Gesper, Gasparr, kwa makusudi na kwa hasira, na kila mara programu ikamrudishia bosi wake akiwa mzima, herufi zote mahali pake. Akaandika Bonaventura, ambaye ni mwakilishi wa mwekezaji. Hilo ni jina refu sawa na la Hatungimana na asili yake ni mbali zaidi, lakini lilipita bila hata alama. Akaandika Wema, likapita. Kamusi ilikuwa na watu wake na ilikuwa inawalinda. Wema alikifunika kishikwambi kifudifudi juu ya meza, akakaa akikitazama mgongo.

Programu ya pili iliitwa Kalamu. Hiyo unaiandikia kwa mkono, kwa kijiti cha plastiki, nayo inaugeuza mwandiko wako kuwa chapa. Wema ana mwandiko mzuri, alisifiwa tangu shule. Aliketi tena kwenye ndoo kule Katonga, akaandika jina polepole, na Kalamu ikaligeuza kuwa Hatungemwona.

Pale alipokuwa ameketi Hatungimana pakabaki kigoda na sauti. Sauti ilikuwa imerudi na ukali wake wote. Ilimtukana mwekezaji, ikamtukana baba yake mwekezaji, ikaitukana hoteli ambayo bado haijajengwa, chumba kwa chumba. Mwenyewe hakuonekana. Dagaa waligeuzwa kichanjani na mikono isiyokuwapo, na wateja wakawa wanaiweka hela juu ya kigoda kitupu na kusubiri chenji, ambayo ilikuja kamili. Mapendo, ambaye meno yake yalikuwa yamerudi Nadhifu ilipofungwa, alimwekea kijiwe cha kumshikia nafasi, watu wasije wakamkalia.

Gasper alifika mchana kuona kazi inavyokwenda. Aliisalimu sauti, akaisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Kisha akamwinamia Wema.

"Andika mlalamikaji hakuonekana."

"Lakini si unamsikia, bosi?"

"Namsikia. Ila hakuonekana. Au nadanganya?"

Hakuwa anadanganya. Ndiyo sababu Wema alitamani kumpiga na ile ndoo.

Programu ya tatu iliitwa Sikio. Haikuwa na kamusi. Ilirekodi tu sauti na kuitunza kama ilivyotoka, na kikohozi, na kuku waliopita, na Kirundi kilichoingia pale Kiswahili kilipokuwa hakitoshi. Wema alipoiwasha, Hatungimana alionekana tena kwenye kigoda chake, mzima, akijipangusa magamba ya dagaa viganjani. Alitazama mikono yake pande zote mbili.

"Hiyo ndiyo ichague," alisema. "Twende Mwanga nikamwambie mkubwa wako mwenyewe."

Walikwenda. Hatungimana hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama katikati ya ofisi, akakielekea kishikwambi na kumwelekea Gasper kwa pamoja.

"Mmetuandika tulipovuka. Mmetuandika tulipohamishwa, mmetuandika mlipotupa uraia, mmekuja na sensa mkatuandika tena. Huko kuandikwa kote hakuna aliyeniuliza swali akangoja nimalize kujibu. Leo mtanisikiliza mpaka nichoke mimi, si mpaka mchoke ninyi. Pale Katonga palikuwa matete na mawe. Tuliyang'oa kwa mikono, Mapendo ana kovu, akuoneshe. Watoto wetu tumewazaa wakinuka dagaa na wamesoma wakinuka dagaa. Leo mtu amekuja jana, pua yake inamuuma, ndiyo tuhame? Tuhamie wapi? Ziwani? Niambie, baba, wewe uliyesoma. Dagaa wataanikwa kitandani hotelini?"

Jirani, fundi Regina, alisimamisha cherehani yake, na mteja aliyekuwa anapimwa akabaki na mikono juu. Hatungimana alisema mambo mengi. Alitaja wanawake wote na vichanja vyao. Alipochoka, alichoka mwenyewe, kama alivyoahidi. Gasper alimmiminia chai, akamshukuru, na alimshukuru kwa dhati. Mama akatoka kibarazani kwa Regina kupunga upepo.

Gasper alikigeuza kishikwambi ili Wema aone. Kwenye kioo palikuwa na onyo: kumbukumbu imejaa.

"Unaona? Mama mmoja tu. Tukiwarekodi wote itakuwaje?"

"Tuombe chenye nafasi kubwa zaidi."

"Wema," alisema Gasper, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alionekana amechoka, "shida si nafasi." Kisha akasema kwamba amechagua Nadhifu, na kwamba baada ya kumaliza chai yake angeibonyeza iingie kwenye vishikwambi vyote. Maelezo ya Jumatatu ndiyo yangekwenda kwenye kamati. Kama Wema angependa kuibonyeza yeye, angempa heshima hiyo.

Wema alikataa. Alitoka mbio hadi kibarazani, akachuchumaa mbele ya Hatungimana, akamshika magoti.

"Mama, sikiliza, hatuna muda. Kubali nikuandike Wema. Jina langu Nadhifu inalijua, hailigusi. Maneno yawe yako, jina liwe langu. Utaingia Ijumaa ukiwa na ulimi wako wote."

Hatungimana hakumkasirikia, na hilo lilimwumiza Wema kuliko kama angemtukana.

"Unajua jina langu maana yake nini? Kwetu, Hatungimana ni kusema mwenye kumiliki ni Mungu. Baba yangu alinipa hilo siku ambayo hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Sasa nivuke maji nikiwa nalo, nizeeke nalo, halafu kwa ajili ya ufukwe nijiite jina la mtoto wa ofisini? Nikishinda, nani atakuwa ameshinda?"

"Utakuwa na kichanja chako, mama."

"Kitakuwa cha Wema. Mimi nitakuwa nimehama kabla hawajanihamisha." Alisimama. Hasira ilikuwa imempanda hadi shingoni. "Rudi ndani ukawaambie wajifunze kuandika! Si neno gumu! Hatu-ngi-mana! Watoto wa chekechea wanaliweza! Waambie huyo mwekezaji wao akileta mguu wake Katonga, nitau..."

Ndani, Gasper alikuwa amemaliza chai.

Hatungimana aliiweka khanga yake vizuri begani. "Nitaupokea," alisema. Akamshukuru Regina kwa kibaraza, akamsifu Wema kwa malezi mema, akauliza njia ya kwenda kwenye magari, ingawa aliijua kuliko wao wote. Wema alikwenda nyuma ya duka la plastiki, akalia kwa hasira mpaka pua ikaziba, akanawa uso kwenye pipa la mvua, akarudi kazini kwa sababu mshahara wake unalisha nyumba nzima kwao Katubuka.

Kamati ilikaa Ijumaa na haikukaa sana. Iliyapongeza maelezo kwa ufupi na usafi wake. Uandishi wa aina hiyo, walisema, unarahisisha maamuzi.

Siku ya kubomoa, wanawake walikuwa wamekwisha kuvifagia vichanja, ili wabomoaji wasichafuke. Mapengo alifunika mdomo kwa kitenge. Anakaza alisaidia kukaza kamba za turubai juu ya lori, na hata leo hazijafunguliwa. Hatungimana aliwatengea vibarua uji, akawaonesha nguzo ipi ing'olewe kwanza ili isimwangukie mtu. Wema alikuwa amesimama kando, hana kazi hapo, ameomba ruhusa ya ugonjwa. Aliona mikono ya mama yule ikiwa nyuma, chini ya khanga, ikikunja ngumi na kukunjua, ikikunja na kukunjua, wakati uso unatabasamu.

Martini, ofisa kijana aliyetumwa kusimamia, alikuja na kishikwambi chake kipya kabisa, karatasi ya kioo bado haijabanduliwa. Alikuwa kijana mwenye heshima. Alivua kofia.

"Shikamoo mama. Nakamilisha tu utaratibu. Jina lako?"

"Hatugombani," alisema mama.

Martini aliandika. Halikupigiwa mstari.

"Ahsante. Na kuhusu eneo hili, mama, kuna pingamizi lolote?"

"Nimeshajibu, mwanangu," alisema.