Kokoto za Sikukuu

Zama hizo za Mwingereza, kokoto za barabara pale Ubungo zilivunjwa kwa nyundo na migongo ya watu, na mgongo wa Mwinjuma ulikuwa umekwisha kazi siku nyingi. Sasa alikuwa nyapara, na unyapara wenyewe ulining'inia: msimamizi wa Kizungu alitaka rundo zima liwe tayari Ijumaa jioni, la sivyo Mwinjuma arudi kwenye nyundo.

Aliitikia. Alihesabu saumu kwa vidole, akaona Idi ni Jumamosi. Kumbe Alhamisi magharibi mwezi ukaandama. Kinondoni nzima ikashangilia, yeye akabaki kizingitini, hoi. Katika wavunja kokoto wake ishirini na wanne, Wakristo wa bara walikuwa sita tu.

"Si uwaamrishe?" mkewe Mwajabu alisema. "Wenzio wanatembea na viboko."

"Nimwamrishe mtu aache sala ya Idi? Niache, mama, nimechoka."

Asubuhi alisali, akavua kanzu, akashika njia ya machimboni peke yake, akijiona mpumbavu. Rundo lile halikuwa la mzee mmoja, hata mtoto angemwambia. Kabla hajafika akasikia nyundo.

Wale sita walikuwa kazini, wamelowa jasho. Gozbert, Mhaya asiye na maneno mengi, hakuinua kichwa.

"Shikamoo, nyapara. Rudi nyumbani ukale sikukuu."

"Marahaba. Nani kawaita? Leo mapumziko."

"Noeli nyie mlitufanyia kipimo chetu cha kazi, sie tukaenda kanisani. Bwana msimamizi akakutukana wewe kwa ajili yetu, ukanyamaza. Ulidhani tumesahau?"

Mwinjuma akaketi juu ya jiwe akalia, mtu mzima, mchana kweupe. Kisha akachukua nyundo. Adhuhuri Waislamu nao wakaanza kufika mmoja mmoja, na masufuria ya pilau, bila kuitwa. Wakala wote pamoja, wakaendelea.

Jioni msimamizi alilizunguka rundo mara mbili.

"Wewe napiga hawa watu?"

"Sikupiga mtu, bwana."

Mzungu alimtazama kama anayedanganywa. "Basi Jumatatu chukua kikosi ya Kimara pia. Watu yake nakimbia kila siku. Watu arobaini."

Arobaini wengine. Mwinjuma alichoka kabla hajawaona. Viganja vilimwaka moto, na pilau lenyewe hakulimaliza.

"Majina yao, bwana," akauliza, "nitayapata kwa nani?"