Kijiti cha Tarumbeta ya Kwanza

Jumatatu radi ilinguruma juu ya mji wa Čačak, na Vukosava akafanya kile ambacho kila mwanamke mwenye akili timamu mtaani kwao hukifanya radi ikinguruma: alizunguka nyumba nzima akichomoa plagi. Televisheni, friji, hata kengele ya mlango. Kisha akashuka studio yao ya kurekodi muziki, chini ya nyumba, akachomoa kila waya alioushuku kuwa na undugu na mbingu. Wataalamu husema vifaa vya siku hizi vina kinga. Hao wataalamu hawakuwepo siku televisheni ya mama yake ilipofuka moshi sebuleni mbele ya wageni. Mvua ilipokatika alirudisha kila waya kwenye tundu, akapika kahawa, na mambo yakaisha.

Jumatano meza ya kuchanganyia sauti ikaanza kujiendesha.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa za kimya, ambapo mtaa mzima hulala na mwenye kupiga nyundo hulaaniwa hadi kizazi cha saba. Vukosava alishuka kuchukua miwani. Taa ilikuwa imezimwa, spika zimezimwa, studio haina mtu. Na pale mezani, kijiti cha tarumbeta ya kwanza kikashuka polepole hadi chini kabisa, kikatulia.

Hakuogopa mashetani. Meza ile ni ya kisasa. Vile vijiti vya kupandisha na kushusha sauti vina mota ndani, na mtu aliye mbali akiviamuru kwa mtandao, hapa navyo husogea. Na mtu wa mbali mwenye ruhusa alikuwa mmoja tu, Ognjen.

Ognjen alikuja kwao akiwa hajui hata kuviringisha waya. Vukosava na mumewe Radisav ndio waliomfundisha kurekodi bendi za tarumbeta, wakamlisha, wakamwoza. Mkewe alipopata kazi Sombor, mbali kaskazini, Ognjen alihama naye, ila hakuacha studio. Alifunga mtambo wa kuingilia kwa mbali: anakaa kwake Sombor, anafungua kompyuta, anaichezea meza ya Čačak kana kwamba amekaa mbele yake. Radisav alisifu. Vukosava alisema neno moja tu, kwamba mlango usio na kitasa haumpendezi.

Sasa mlango huo ulikuwa unafunguliwa mchana kweupe, na hakuna kazi iliyopangwa. Alimpigia.

"Ognjen, mwanangu, umeingia leo?"

"Hata! Nafungiwa nje tangu juzi, shangazi. Nilitaka nikupigie jioni. Kila nikijaribu inaniambia hakuna kifaa."

"Hakuna kifaa," Vukosava alirudia, huku macho yake yakiwa kwenye kile kijiti.

Hakumwambia alichokiona. Mtu akikudanganya, usimwonyeshe kwamba umejua. Mwache aongeze uongo mwingine juu yake. Ndivyo Vukosava alivyoishi na wanamuziki miaka yote na bado ana nyumba.

Alhamisi alikuja Milutin kusikiliza nyimbo za bendi yake, zile za kupeleka kwenye mashindano ya Agosti. Milutin ndiye mpiga tarumbeta ya kwanza siku hizi, kijana mwenye masharubu mapya na kiburi cha zamani. Alisikiliza dakika chache tu, akavua hedifoni.

"Mimi niko wapi hapa? Shangazi Vuka, mimi niko wapi? Nasikia ngoma, nasikia tuba, nasikia mpaka mwenzetu Dragojlo akikohoa. Mimi sipo!"

"Umeshushwa," Vukosava alisema, akakipandisha kijiti.

"Na nani?"

Milutin akaweka kiwiko mezani, akashusha sauti kama mtu anayeuza kitu cha wizi.

"Mimi simo katika mambo ya watu. Lakini mjini Kraljevo wanasema Tihomir anamtaka Ognjen studio kwake. Amemtaka tangu majira ya baridi. Sasa mtu anayetakiwa kwingine, kazi ya kwako ikiharibika, yeye inamuuma wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, shangazi."

"Kunywa kahawa yako," Vukosava alimwambia. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Ognjen hakuwahi kumwambia habari za Tihomir. Kama hakuna kitu, kwa nini alinyamaza?

Usiku ule alikumbuka mengine, maana shuku haikosi chakula. Ognjen mwezi uliopita hakucheka alipotaniwa. Ognjen aliuliza kama nakala za nyimbo zimehifadhiwa vizuri. Kwa nini aliuliza? Juzi tu maswali hayo yangeitwa bidii ya kazi, na leo yalinuka. Hakumwambia Radisav. Radisav alikuwa amekatwa kipande cha pafu mwezi Machi, na daktari alikuwa amempiga marufuku tarumbeta, sigara na hasira. Sigara alikuwa ameacha.

Ijumaa Vukosava alitega. Alimpa mumewe supu, akamfunika shuka, akafunga mlango wa chumba, akashuka studio na kiti chake na simu. Akakaa gizani, mkononi ameshika simu. Mtaa ukalala. Punde kompyuta ya studio ikaanza kuchezesha wimbo wa kwanza bila sauti, mistari ya kijani ikirukaruka. Kijiti cha tarumbeta ya kwanza kikashuka.

Alipiga simu palepale.

"Uko wapi, Ognjen?"

"Nyumbani, shangazi. Bado nahangaika na huo mtandao. Sikia, niulize kitu: Jumatatu huko kulikuwa na radi?"

"Usinihamishe kwenye radi. Unafanya nini mezani kwangu?"

"Mezani kwako? Nimekwambia, naambiwa hakuna kifaa!"

"Kifaa kinacheza mbele ya macho yangu! Kijiti kimeshuka sasa hivi. Mimi siyo bibi wa kuota jua, Ognjen."

Kisha Ognjen akasema kwa utaratibu, ule utaratibu wake wa kumweleza mteja mlevi, na Vukosava akachukia zaidi.

"Shangazi, tafadhali. Radi ilipopiga, ulichomoa nyaya?"

"Kama kila mwenye akili."

"Na waya wa bluu, unaotoka mezani, uliurudisha tundu gani? Kile kiboksi cha intaneti kina matundu manne. La nne ni la studio peke yake. Hayo mengine ni ya nyumbani."

"Tundu ni tundu!"

"Siyo kweli. Hebu nenda uniangalizie..."

"Sasa kosa ni langu! Nimetoa maziwa ya watoto wangu nikakulisha, leo unanifundisha kuchomeka waya! Tihomir ndiye aliyekutuma? Unamharibia Milutin ili bendi ihamie Kraljevo, halafu na wewe uifuate?"

"Nani kakwambia habari za Tihomir?"

"Aa! Kumbe ipo habari!"

Laiti angeishia hapo. Lakini hasira ikishapata njia haisimami mlangoni. Alimwambia kwamba ni nyoka, kwamba mkono uliomlisha ndio anaouma, na kwamba asithubutu tena kukanyaga studio ile, kwa miguu wala kwa mtandao. Ognjen alisikiliza yote. Mwishowe alisema, "Haya, shangazi," na simu ikakatika.

Vukosava akaenda ukutani, akang'oa waya unaoleta intaneti kutoka nje. Mzima mzima, pamoja na kipande cha chokaa. Hapo sasa! Sombor, Kraljevo, dunia nzima ilikuwa nje, na yeye ndani. Akarudi kwenye kiti akihema, akiwa na ushindi ambao haukuwa na ladha.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza. Kijiti cha tarumbeta ya kwanza, kilichokuwa kimepanda kidogo, kikashuka.

Aliutazama waya mkononi mwake. Intaneti haikuwepo. Aliyekuwa akisogeza kijiti hakuwa Sombor wala Kraljevo. Alikuwa ndani ya nyumba.

Alipanda ngazi kwa soksi. Mlango wa chumba aliufungua bila kubisha.

Radisav alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, hedifoni masikioni. Ule waya wa hedifoni aliupitisha mwenyewe sakafuni miaka mingi iliyopita, ili asikilize kazi ya siku akiwa amelala. Vukosava alikuwa ameusahau kabisa. Mapajani ilikuwapo tableti, ile ambayo wanamuziki huitumia studio kuanzisha nyimbo na kujipangia sauti ya masikioni. Na mikononi alikuwa na tarumbeta. Hakuwa akipuliza. Mdomo ulikuwa mbali nayo. Vidole tu ndivyo vilikuwa vikibonyeza, haraka, kwa usahihi wa mtu anayejua kila kona ya wimbo, na machozi yalikuwa yamefika kwenye masharubu.

Alipomwona mkewe alivua hedifoni kama mwizi.

"Sijapuliza, Vuka. Naapa kwa mtakatifu wa nyumba yetu, sijapuliza."

"Umeipataje meza?"

"Sijui! Jumanne nimefungua tableti, nikaiona. Zamani ilikuwa haionekani huku juu. Nikajua Ognjen kanifanyia wema kimyakimya." Alifuta masharubu kwa kiganja. "Yule Milutin anapuliza kama mtu anayezima mishumaa ya keki. Namshusha, ninapata nafasi yangu ya zamani. Dakika chache tu. Kisha nampandisha."

"Humpandishi mpaka mwisho."

"Hastahili mpaka mwisho," alisema Radisav.

Vukosava alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kucheka. Waya wa bluu alikuwa ameutia tundu la nyumbani, basi meza ikahamia upande wa nyumba: mumewe akaipata, Ognjen akaikosa. Kijana wa watu alikuwa akisema kweli tangu Jumatano. Alishuka, akarudisha waya wa ukutani na chokaa yake, akapiga simu akiwa amesimama.

"Ognjen, mwanangu. Ni mjomba wako. Ni Radisav na tableti yake. Tundu lilikuwa la pili. Nimekukosea, na maneno yale... nayala yote, moja moja. Rudi kazini."

"Tihomir aliniita mara tatu, shangazi. Sikukwambia kwa sababu nilimkatalia mara tatu. Kulikuwa na haja gani ya kukuudhi?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Vukosava kuliko matusi. "Uliponifukuza mimi, nilimpigia yeye."

"Mpigie tena. Mwambie hapana."

"Nimeshampa neno."

Vukosava alijua maana yake. Katika nyumba ile ndimo Ognjen alimofundishwa kwamba neno likitoka halirudi. Hakubembeleza, ingawa alitamani kupiga magoti palepale kwenye zulia.

"Chomeka waya wa bluu tundu la nne," Ognjen alisema. "Vizuri. Sasa naiona. Ngoja, usikate. Mjomba atafungiwa nje, lazima nimwekee njia yake. Nitampa nyimbo asikilize tu na kuchezea vijiti vya nakala, asimguse Milutin wa kweli."

Alifanya kazi kama nusu saa. Vukosava alisimama na simu sikioni, akitazama mistari kwenye skrini ikifunguka na kufungwa. Juu, Radisav aliita kwamba imeshika.

"Sasa futa jina langu kwenye orodha ya wanaoingia," Ognjen alisema. "Siwezi kukaa kwa Tihomir nikiwa na ufunguo wa kwako. Watu watasema."

"Waache waseme."

"Futa, shangazi. Niko hapa, nasubiri."

Alivaa miwani. Majina yalikuwa mawili tu, lake na la Ognjen. Alibonyeza, kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena.

"Tayari?" Vukosava aliuliza.

"Tayari. Nimetolewa nje," Ognjen alisema, na safari hii Vukosava alimwamini.