Jino la Baba Lililong'aa

Daktari wa meno alikuwa na mazoea yake: akishapaka asidi kwenye jino, alihesabu kwa sauti mpaka kumi na tano, akasafisha kwa maji, akapaka gundi, akabandika kipande cha kuzibia, akakikausha kwa taa ya bluu. Wagonjwa wake wengi walikuwa watoto wa shule, na kwao kazi yake haikubanduka asilani.

Basi siku ile aliyelala kwenye kiti alikuwa baba yake mzazi, miaka themanini na moja, jino la mbele limemeguka ncha. Jumamosi mjukuu wake, binti wa daktari, anaolewa, naye mzee ndiye msemaji wa familia.

"Na wewe neno lako limo kwenye hotuba," mzee alimwambia.

Daktari akainua macho. Alijua ni lipi. Miaka ishirini na minne iliyopita alimkimbia mume, akaja kwao na mtoto mgongoni, baba akamfungia mlango. Shangazi ndiye aliyewapatanisha, lakini habari ya mlango haikuguswa tena.

"Hebu ona linavyong'aa," mzee alijisifu. "Kama la kijana!"

Daktari akacheka. Laiti angelitazama! Chuoni alifundishwa, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: jino la mzee likishalika, vitundu vyake vya ndani huziba, likawa gumu na la kuteleza kama kigae, gundi isipate pa kushika. Shurti ulikwaruze kwanza, na asidi uikalishe zaidi. Kule kung'aa ndiko kulikokuwa onyo. Lakini nje kulikuwa na foleni, na huyu ni baba tu, likibanduka si atarudi? Akahesabu mpaka kumi na tano.

Jumamosi mzee akasimama, suti imemkaa sawasawa. Akamtania bibi harusi kwamba utotoni alikuwa akila sabuni, ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akamgeukia daktari.

"Binti yangu, siku ile uliponijia na huyu mgongoni, nami nikakufungia mlango, kusema kweli mimi..."

Kile kipande alichobandikwa kikachomoka, kikaangukia kitambaa cha meza. Mzee akaziba mdomo kwa kiganja. Watu wakangoja. Akatikisa kichwa, akaketi.

Watu aliwaambia ameuma mfupa. Hata kwa aibu ile alimlinda binti yake, jamani! Ila kliniki hakukanyaga, na daktari naye hakuthubutu kuuliza. Alijiambia atamwuliza siku akija kuzibwa jino.

Alikuja baada ya miezi saba, ameshikwa mkono na shangazi, maana siku hizo alikuwa akipotea njia ya kwenda dukani. Safari hii daktari hakuwa na haraka. Alilikwaruza jino mpaka mng'ao ukafifia, akahesabu mpaka thelathini, akapaka gundi taratibu, akamulika taa. Likashika barabara.

Akavua glavu, akapiga magoti kando ya kiti.

"Baba, kule harusini hukumaliza. Ulitaka kuniambia nini kuhusu ule mlango?"

Mzee akamtazama kwa upole, akatabasamu kwa meno yote.

"Mlango gani, mwanangu?"

Jino lile halijabanduka mpaka leo.