Mbuzi Sita Wasio na Kikohozi

Baba mkubwa Damien alichaguliwa kuwa msemaji wa posa yangu kwa sababu moja tu: katika ukoo wetu hakuna mwingine awezaye kusema saa nzima bila kumeza mate.

Kiangazi kile cha vita, barabara ya juu kutoka Masisi kwenda Pinga ilijaa vizuizi vya wenye bunduki, na kila kizuizi kilipenda nyama. Mbuzi wa mahari walikuwa sita, jasho la miaka mitatu ya kulima maharagwe. Tukaamua kupita chini, ndani ya korongo, ambako mto ulikauka ukabaki mawe na joto. Ni mwendo wa siku nzima, na ilitupasa kufika kabla ya jua kuzama. Papa Jean-Bosco, baba yake mchumba wangu Kétsia, alikwisha kutuma neno: hatangoja siku nyingine.

Tulikuwa watatu. Mimi Lévi, mwenye kuoa. Dada yangu Consolée, aliyeswaga mbuzi. Na baba mkubwa, aliyebeba kofia yake. Mbuzi niliwafunga midomo kwa kamba za mgomba wasije wakalia. Mdomo wa baba mkubwa sikuufunga, na hilo nalijutia hadi leo.

Saa sita kuta za mawe zilitubana pande zote, naye akagundua kwamba zinarudisha sauti. Akapanda juu ya jiwe, akavaa kofia.

"Tumeona maua mu nyumba ya Papa Jean-Bosco, mwalimu! Ile maua inaitwa Kétsia! Tunakuja na mbuzi sita, zote zinanona, hata moja haina kikohozi!"

Korongo likajibu: kikohozi, kikohozi. Akatabasamu.

"Baba mukubwa, sema pole pole," Consolée alimsihi. "Batu ya bunduki iko kule juu."

"Dada, muntu ya posa anasema na nguvu!"

Akarudia mara nne. Mara ya tatu aliongeza kijiji, na kwamba nyumba ni ya mabati, karibu na kanisa. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Kichwa kilichoponzwa hapa kilikuwa changu.

Mara ya tano walishuka wanaume saba. Mkubwa wao, mwenye bote mpya miguuni, alimwomba baba mkubwa kwa adabu aanze tena tangu mwanzo. Baba mkubwa akaanza tena! Alipomaliza, wakachukua mbuzi wote, wakawapandisha hadi barabarani kwenye pikipiki zao.

Tukaendelea mikono mitupu. Nilitumaini Papa Jean-Bosco angenihurumia.

Tulifika jua likiwa bado juu ya mlima. Uani walisimama mbuzi sita, kamba zangu za mgomba zikiwa bado midomoni mwao. Yule mwenye bote alikuwa mbele ya Papa Jean-Bosco, akitoa posa. Watu wake wameshika bunduki kandokando ya ua. Mzee hakuwatazama mbuzi, alitazama bunduki. Kétsia aliniona kutoka mlango wa jikoni, akatikisa kichwa ili nisisogee. Sikusogea. Niliogopa, nikajichukia.

"...mbuzi sita," alisema yule mtu, "zote zinanona, hata moja haina..."

Akakwama. Amesahau. Kwa pumzi moja nilidhani Mungu ameingia kati.

"Kikohozi," baba mkubwa akamkumbusha.