Mwani Uliooshwa Mara Tatu

Nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa ilikuwa moja tu, na tulioitaka tulikuwa wanne. Tuliambiwa haitagawiwa kwa usaili wala kwa kujuana, tukashangilia kama wajinga. Ingegawiwa na mashine. Kila mtafiti alikuwa na malighafi yake, na yule ambaye malighafi yake ingeongoza kwenye orodha ifikapo mwisho wa Juni ndiye angekwenda. Jerome alikuwa na maganda ya kamba wa baharini kutoka Kilwa Masoko. Mimi nilikuwa na mwani wa Sudi.

Maabara yetu iko Lindi mjini. Tunatengeneza utando laini wa kufunika vidonda vya moto, utando unaokaa juu ya nyama mbichi bila kunata. Nasema tunatengeneza kwa mazoea tu. Akili mnemba inachagua mchanganyiko, mikono ya roboti inaupika na kuuvuta ili kupima uimara wake, kisha akili ile ile inaamua kesho ijaribu nini. Yote hayo yanafanyika ndani ya chumba cha vioo. Tuliibatiza Bibi Harusi, kwa sababu hatoki ndani, anahudumiwa kwa kila kitu, na hamsalimii mtu.

Mimi, Benadetha, mtoto wa wakulima wa Mtama, nilisoma kemia miaka saba ili nije kumwandalia Bibi Harusi visahani. Nasaga mwani, napima, napanga kwenye trei, nabonyeza kitufe, nasubiri taa ya kijani. Kuku wa nyumbani kwetu wanalishwa na mtu aliyeishia darasa la nne, na angalau wao wakimwona wanamkimbilia. Ndiyo maana niliitaka ile nafasi kwa roho yote. Nilitaka kurudi kuwa mtu anayefikiri.

Kufika Mei, mwani wangu ulikuwa wa mwisho. Utando wake ulikuwa ukimeguka kama uji ulioganda. Sikuelewa, maana wafanyabiashara wanaugombania mwani wa Sudi, na ubora wake unajulikana. Nikachukua pikipiki ya kituo nikaenda kujionea mwenyewe.

Mwaka uliotangulia, nilipokwenda mara ya kwanza kwa wanawake wanaoulima huko Sudi, nilifanya jambo nililodhani ni la heshima. Sikuwaambia kwamba nimekuja kuchukua sampuli. Nilikaa nao mkekani, nikawaonyesha picha za watoto walioungua, nikasema mwani wenu utalazwa juu ya vidonda hivi. Wanawake wale kumi na wawili walizipitisha picha mkono kwa mkono. Mmoja wao, Sada, mwembamba na asiye na maneno mengi, aliinuka akatoka nje. Nilirudi Lindi nikijisifu moyoni kwamba najua kuzungumza na watu.

Safari hii sikutoa taarifa. Nyuma ya nyumba ya Mwanaima, kiongozi wa kikundi chao, nilikuta mabeseni matatu makubwa yamepangwa kivulini, na wanawake wameinama juu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, dokta. Leo umetufuma."

Waliniita dokta tangu siku ya kwanza. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha, kisha nikaacha, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa tamu.

"Mnaosha nini?"

"Mwani wako."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima, maji matamu kabisa. Beseni la kwanza, la pili, la tatu. Mara tatu, na bismillahi juu yake."

Kila mkulima wa mwani pwani hii anajua kwamba maji matamu yanauua. Wingu likitanda tu, wanakimbilia kwenye chanja kuufunika.

"Bibi, si mnajua mwani ukinyeshewa na mvua unaharibika?"

"Huo ni wa kumuuzia tajiri," alisema Mwanaima, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Huu ni wa mgonjwa. Utamwekea mtu kwenye kidonda kitu chenye mchanga na chumvi?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Sadaka inatangazwa, mwanangu?"

Akanishika mkono, akanisogeza kando. Akaniambia Sada alikuwa na binti, Mwahija, aliyeungua kwa mafuta ya maganda wakati wa kubangua korosho. Walimfunga kidonda kwa kipande cha kanga kilichokuwa karibu. Kanga haikuwa safi. Kidonda kikaoza, na siku ya tisa wakamzika.

"Tangu ulipotuonyesha zile picha, beseni la tatu analisimamia yeye. Hataki mwingine aliguse."

Nikamtazama Sada. Alikuwa amezamisha mikono hadi viwikoni, anaugeuza mwani taratibu, anatoa chembe moja moja ya mchanga. Nilitamani kulia na nilitamani kupiga kelele. Kwa miezi kumi na moja nilikuwa nimejaza fomu za Bibi Harusi: tarehe, mahali, joto la maji ya bahari, uzito. Hakuna pa kuandika watu waliufanyia nini. Bibi Harusi hajui kuuliza. Mimi najua, na sikuuliza.

Niliomba mfuko mmoja ambao haujaoshwa. Nikasema ni wa kupimia mitambo tu. Mwanaima alinipa, lakini kwa shingo upande.

Huko Lindi, Bibi Harusi aliukataa. Taa nyekundu: majaribio ya chanzo hiki yamekamilika. Basi nikaingia stoo, nikawasha jiko la umeme, nikaupika kwa mkono kama tulivyofundishwa zamani. Ukatoka utando angavu. Nikauvuta, ukavutika, nikauachia, ukarudi. Nilicheka peke yangu mle stoo. Nikaupeleka mbio kwa mkuu wa kituo, Daktari Damiani.

Aliuvuta mara mbili, akauinua kwenye mwanga.

"Mzuri sana. Umepikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi haupo, Bena."

Hakuwa akinidhihaki. Alivua miwani, akanieleza kwamba kinachohesabika ni kilichofanyika ndani ya vioo tu. Tena kwa matokeo yale ya Sudi, mashine ilikwisha kujifunza kwamba mwani wote wa pwani hii ni dhaifu, hadi wa Kilwa na Songo Songo ambao haijawahi hata kuuona.

"Tuifundishe upya," nilisema.

"Wenye mradi ndio wenye funguo. Waandikie. Lakini itabidi useme sampuli zako ziliguswa, na unajua wenzetu wanavyolisoma neno hilo."

Niseme ukweli: kwanza niliandika kwamba wanakikundi walikiuka maelekezo. Nilikaa nayo ile sentensi dakika nzima. Ilikuwa sentensi nzuri, ingeniokoa. Kisha nikaifuta, kwa sababu hayakuwapo maelekezo yoyote. Nikaandika kwamba sikuuliza.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, mistari mitatu. Walinishukuru kwa uwazi wangu. Mwani wa ukanda wote uliondolewa kwenye orodha, kwa kuwa kumbukumbu zake haziaminiki. Na kwa kuwa kosa lilitokana na mkusanyaji, mkusanyaji angebaki kwenye kuandaa sampuli mpaka mkataba uishe.

Jerome akapata nafasi. Nilimpa hongera, na nusu yake ilitoka moyoni. Siku ya pili yake nilimpangia Bibi Harusi maganda ya kamba.

Ilibaki kwenda Sudi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Ni watu wazima, nilijiambia, wana haki ya kuujua ukweli. Wakakusanyika wote. Nikawaambia mwani hautachukuliwa tena.

"Tumekosea wapi?" aliuliza Mwanaima.

Nilifungua kinywa. Sada alikuwa mbele yangu, vidole vimekunjamana kwa maji, ananitazama kama anayesubiri hukumu. Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nikaumeza.

"Hamkukosea. Mashine imeharibika."

"Itatengemaa lini?" Lilikuwa swali la kwanza Sada kuniuliza tangu tujuane.

"Sijui, mama."

Akafikiri. "Basi tutaendelea kuuosha na kuuweka. Isije ikapona, mkatukuta hatuna kitu."

Akaingia ndani, akatoka na gunia. Lilikuwa limejaa mwani mweupe, msafi, ambao hakuna tajiri kutoka hapo hadi Lindi angeukubali hata kwa bure. Kazi ya wiki tatu.

"Huu ndio uliokuwepo. Upeleke hivyo hivyo, dokta. Mwenye kidonda hasubiri mashine."

Nililipokea. Ningefanya nini? Nikalipakia nyuma ya pikipiki, nikazungusha kamba, nikashukuru, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Sada alinifuata hadi barabarani, akapitisha mkono chini ya kamba, akalivuta gunia huku na huku.

"Kaza tena," akasema. "Lisije likaanguka mchangani, mwani ukachafuka."

Nikakaza.