Kilatini cha Fabiani

Watu wa kitongoji kile cha Mnyuzi walikuwa na kosa moja: waliamini kwamba mtu aliyesoma Kilatini hawezi kushindwa na katibu tarafa. Si walimsikia padri kwa masikio yao akisema na Mungu kwa lugha hiyo, miaka yote kabla misa haijageuzwa Kiswahili? Basi Operesheni Vijiji ilipotangazwa, kwamba wote wahamishiwe kijiji kipya cha ujamaa, wakamtuma kwa katibu huyo Fabiani, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, akawaombee wabaki; ndiye aliyeonja seminari kidogo akarudi kulima mahindi. Alikubali haraka, maana aliyekuwa taabani ni mama yake. Agripina hakuweza tena kuinuka kitandani, na ombi lake lilikuwa moja tu: afie pale pale, azikwe ubavuni mwa mumewe, nyuma ya jiko.

Katibu tarafa alimpokea vizuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Ondoa wasiwasi, ndugu. Huu ni ujamaa. Waingereza wangesema sisi sote ni family."

Jamani, msomi hajui kunyamaza! Badala ya kupiga magoti amwombee mama yake, Fabiani akaanza kufundisha. Neno hilo, alisema, Waingereza wamelitoa kwa Warumi. Kwa Warumi famulus ni mtumwa, na familia walikuwa watumwa wa nyumba moja, kisha mke na watoto wakaingizwa humo humo, wote chini ya baba mwenye nyumba. Akisema hameni, wanahama. Mapenzi yaliingia kwenye neno hilo baadaye sana. Alitegemea katibu aone haya.

Katibu akapiga meza kwa furaha. "Baba mwenye nyumba! Hicho ndicho wananchi wasichokielewa. Kesho mkutanoni utawaeleza. Ila hao watumwa waache."

"Na mama yangu, ndugu katibu?"

"Mama atakaa mbele ya lori, na dereva."

Kesho yake Fabiani akasimama akaeleza. Watumwa aliwaacha. Watu walimpigia makofi wakidhani kijana wao ameshinda.

Alipofika nyumbani mgambo walikuwa juu ya paa wanang'oa nyasi. Jua lilimpiga Agripina pale pale kitandani.

"Umemweleza, mwanangu?"

"Nimemweleza, mama."

"Akasemaje?"

Fabiani aliinama akamfunika uso kwa kanga, vumbi lisimwingie machoni.

"Amefurahi sana."