Mtihani wa Hanna Jikoni

Chuo chetu cha ustawi wa jamii pale Kijenge kilizaliwa na soko huria, na vitabu vyake vyote vilitoka Ulaya. Viliagiza: ukimtembelea mwenye shida, mkae mkitazamana, umuulize, usile chake, usishike kazi yake. Mimi, Mwalimu Tabea, nilifundisha kinyume. Kwetu Meru anayeanza na maswali ni mtu wa kodi.

Bwana Stanley, mtahini aliyesomea Uingereza, alinitamkia wazi: mwanafunzi wangu Hanna akifeli mtihani wa vitendo, somo langu linafutwa.

Basi tukapanda watatu hadi kwa Bibi Susana, juu ya Kikatiti. Mkwewe alikuwa ameondoka na wajukuu, na maofisa wa ustawi waliotutangulia bibi hakuwaambia neno.

Tulimkuta jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, bibi," Hanna akasema. Akachuchumaa, akachukua kisu, akamenya. Hakuuliza kitu.

Stanley akaninong'oneza, "Huyu ameshafeli."

"Subira huvuta heri," nikamjibu.

Bibi akamgeukia Stanley. "Na wewe baba, umekaa tu hapo kama mwenyekiti wa kijiji? Mama yako hakukufundisha?"

Stanley ni Mchagga wa Machame, amekulia migombani; angeponea wapi? Akakunja mikono ya shati, akamenya. Na alimenya vizuri, haki yake nampa.

Sufuria ilipokaribia kujaa, bibi akaanza mwenyewe. "Nilimwita mkwe wangu mvivu mbele ya watoto wake. Sasa nimfuate niseme nini?"

"Bibi, ukienda na nani mkweo atakusikiliza?" Ndilo lilikuwa swali la kwanza la Hanna.

Bibi akafikiri. "Agnela. Shangazi yake."

"Basi kesho nakupitia, twende kwa shangazi."

Bibi akajifuta machozi kwa kanga, akabandika ndizi. Tukala wote, mtahini akaongeza.

Siku ya kikao cha chuo, mkuu wetu akauliza kama mwanafunzi alifuata kitabu.

"Hapana," Stanley akasema.

Kisha akaweka mikono mezani. Utomvu wa ndizi ulikuwa bado umeganda vidoleni, mweusi, sabuni imeshindwa.

"Hakufuata, na mimi sikufuata, na bibi akasema. Mpeni alama zake. Somo la Mwalimu Tabea libaki."

Nilitoka pale kifua mbele mpaka Kaloleni, namsalimia kila mtu, hata nisiowajua.